Niliajiriwa Kuwapiga Wasio na Kazi

Wiki iliyopita mliniacha sakafuni. Basi tuanzie hapo hapo, maana mimi mwenyewe sikuwa nimesogea.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza, nimweleze kwa kifupi. Mimi ni fundi wa kuchomelea. Karakana tuliyokuwa tunaunda mabodi ya mabasi ilifungwa, mwenyewe akaondoka na mashine zake, sisi mafundi tukabaki nje ya geti tumeshika miwani ya kazi. Nilitafuta kazi nyingine mpaka soli zikalika. Halafu asubuhi moja nikashindwa kuvaa viatu. Si kwamba sikutaka. Nilivitazama, navyo vikanitazama, mchana ukapita.

Muuguzi wa zahanati aliniambia kitu hicho kinaitwa sonona, kwamba ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine wowote na una dawa. Akanipa vidonge. Dada yangu, aliyenilea tangu mama atutoke, akanipa chumba cha uani nyumbani kwake. Shemeji, mume wake, ambaye ni muoka mikate kiwandani, akanipa maneno. Alisema siku hizi hata uvivu una jina la hospitali.

Nikajifungia kwa komeo. Nikalala sakafuni, kwa sababu kupanda kitandani kulikuwa kazi. Dada aligonga, akaniita, akagonga tena. Nilimsikia vizuri tu, ila mdomo ulikuwa mzito kana kwamba si wangu. Ndipo mlipoishia: shemeji anarudi nyuma ili auvamie mlango kwa bega.

Mlango ulikuja wote, na fremu yake.

Shemeji naye akaja juu ya mlango, na mlango ukaja juu ya miguu yangu. Aliinuka ameaibika, na mwanamume akiaibika mbele ya mkewe hutafuta wa kumlipia. Akanikamata kifundo cha mguu, akaniburuta mpaka uani. Kichwa kiligonga kizingiti. Nikaona nyota, kisha nikaona anga, kisha nikauona mkono wake unakuja.

Alinipiga kofi. Nikamtazama. Akanipiga la pili. Nikaendelea kumtazama, si kwa ujeuri, ila sikuwa na kitu kingine cha kufanya na macho. Hapo ndipo alipoanza kutumia miguu.

Dada alitoka jikoni na mwiko. Alimpiga mumewe mgongoni mpaka mwiko ukakatika. Kisha akanigeukia na mimi, akanipiga kwa kipande kilichobaki, kwenye mabega, kwenye mikono, popote. Alimpiga mumewe kwa kuwa alinipiga. Mimi alinipiga kwa kuwa nilikuwa hai na sikumwitika.

"Nilijua umejiua," aliniambia. "Nimesimama pale mlangoni nawaza sanda nitaitoa wapi."

Akaketi juu ya mlango ulioanguka, akalia.

Shemeji, mkono uko mgongoni, akatangaza kwamba kesho yake natoka naye alfajiri nikatafute kazi kama wanaume wenzangu. Mlango haurudishwi. Atakayeugusa atamtambua.

Kweli asubuhi alinimwagia maji nikiwa nimelala. Tukaenda kimya, yeye mbele ndani ya koti lake jeupe la kiwanda cha mikate, mimi nyuma nikiburuta miguu. Aliniacha njia panda, akanionyesha ukuta mrefu, akasema pale wanachukua vibarua, kisha akaendelea na njia yake.

Kilikuwa kiwanda cha magodoro. Mtu aliyeshindwa kutoka sakafuni anaenda kuomba kazi ya magodoro. Ningekuwa mzima ningecheka.

Nje ya lango kulikuwa na watu wengi kuliko nilivyowahi kuona mahali pasipo na msiba wala mpira. Wanaume, wanawake, wazee wenye mvi, wote macho kwenye lango. Hakuna aliyemsalimia mwenzake. Mmoja aliyesimama kando yangu aliniangalia mikono, akaona ya fundi, akasogea mbali nami kidogo kama ninayemwibia hewa.

Mnyapara akatoka. Alikuwa na mkoba wa vibati, vipande vidogo vya bati vyenye alama ya kiwanda. Kumbe utaratibu wake ulikuwa huu: anavirusha juu, vinaanguka katikati ya watu, atakayeokota ndiye kibarua wa siku hiyo. Alikuwa anasema hiyo ndiyo haki, hapendelei mtu.

Akarusha.

Sijawahi kuona kitu kama kile. Watu walijitupa chini kama nyumba iliyobomolewa. Viwiko, magoti, meno. Mzee mmoja aliuma sikio la mwenzake, na sikio likavuja damu kabla mwenyewe hajalia. Mama mmoja alishika kibati kwa ngumi, wanaume wawili wakamfungua vidole kimoja kimoja kama wanavyofungua maganda ya njugu.

Mimi nilisimama tu. Sikuwa na mpango wa kuokota chochote. Lakini kibati kimoja kikadunda, kikalala juu ya kiatu changu, na sijui ni nini kilichonifanya niiname.

Njemba mmoja, fundi wa kupiga plasta kwa jinsi nguo zake zilivyokuwa, akanikanyaga vidole. Hakukanyaga kwa bahati mbaya. Alikanyaga, akazungusha kisigino.

Nikampiga.

Nilimpiga tumboni, akainama, nikampiga shingoni, akaanguka. Aliniachia kibati tangu ngumi ya kwanza, nawaambia ukweli. Kilikuwa chini pale, kinang'aa, kila mtu anakiona. Mimi sikukitazama. Nilimkalia kifuani nikaendelea. Jino lake lilinichana kidole, nikaona damu, nikajua hii ni yangu, ile ni yake, nikaendelea.

Watu waliacha kugombania vibati wakaja kunitoa juu yake. Waliponiinua nilikuwa nahema, mapafu yangu yote yanafanya kazi. Rangi zilikuwa zimerudi. Ukuta wa kiwanda ulikuwa wa kijani, sikuwa nimeliona hilo. Na halafu likaja jambo ambalo nimeona aibu kulisema kwa mtu yeyote kabla ya leo.

Nilisikia njaa.

Tangu karakana ifungwe nilikuwa nakula kwa sababu dada amesimama mbele yangu. Pale, nikiwa na damu ya mtu kwenye shati, nilitamani chakula kama mtoto aliyetoka shule.

Filimbi ikapigwa. Watu wakapisha, akaja mama mmoja wa makamo, mnene, sare ya ulinzi, filimbi shingoni. Ndiye mkuu wa walinzi wa kiwanda, na pale langoni walimwita Mama Filimbi. Akamtazama fundi plasta pale chini, akasema akaketishwe kivulini. Kisha akanitazama mimi kwa muda mrefu.

Akaniuliza najua kufanya nini. Nikamwambia kuchomelea. Akasema hakuulizia hilo, kazi ya kuchomelea haipo. Alikuwa na nafasi ya mtu wa kusimama nje na rungu, kuwarudisha watu wanaposukuma lango.

Nikamuuliza kwa nini mimi.

"Nimekuwa nakuangalia uso," alisema. "Ulikuwa unampiga na huna hasira. Wenye hasira ninao wengi, wananitia hasara."

Akanipa rungu na shati la sare. Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Nilitafuta kazi kwa adabu, kwa vyeti, kwa kuamka mapema na kunyoa ndevu, nikakosa. Nikaipata kwa kumpiga mtu aliyekuwa anatafuta kazi kama mimi.

Nyumbani nilisema uongo. Nilimwambia dada kwamba nimechukuliwa ndani, nachomelea fremu za vitanda. Nilivua sare kabla ya kufika, nikaifunga kwenye mfuko wa plastiki. Dada aliweka mikono kichwani, akacheka, akalia, akaenda kuwaambia majirani. Nilidhani shemeji atapata la kusema. Alinitazama kidogo, akasema hongera, akainamia sahani yake. Jioni hiyo yeye mwenyewe aliurudisha mlango wangu, kwa misumari mipya, bila kuombwa.

Nikafikiri amejirudi.

Nikaanza maisha ya langoni. Walinzi wenzangu waliniita Bubu, kwa sababu sikupiga soga. Mnyapara akirusha vibati sisi tunasimama mstari mmoja, mgongo kwa lango. Anayepata kibati anapita katikati yetu. Anayejaribu kupita bila kibati ni wetu.

Mama Filimbi alitupa sheria moja: piga miguu, usipige kichwa, kichwa kinaleta polisi. Niliishika sheria hiyo. Nilipiga miundi, nilipiga magoti, nilipiga mapaja. Nilijifunza jinsi rungu linavyolia kwenye mfupa na linavyonyamaza kwenye nyama. Wapo walioniomba nikiwa nimeinua mkono, wananiambia kaka, nina wagonjwa nyumbani. Nilikuwa nawasikia, kisha nashusha mkono.

Na nilikuwa nalala usingizi. Nilikula. Niliota ndevu nikazinyoa. Dada alimwambia kila mtu kwamba kazi ndiyo iliyokuwa dawa yangu.

Niliporudi zahanati, muuguzi alifurahi kuniona nimesimama wima. Kisha akashika mkono wangu, akaugeuza, akaangalia vifundo vya vidole. Aliniuliza kama kuchomelea siku hizi ni kwa ngumi. Akauliza kama bado nameza vidonge. Nikasema nimeacha, sivihitaji, nimepona.

Hakugomba. Aliniambia tu kwamba vidonge vile haviachwi ghafla, na kwamba siku ambayo hakuna kazi nijitazame vizuri, nione kama kweli nimepona, halafu nirudi nimwambie.

Siku hiyo ilifika upesi. Kiwanda kilifungwa kwa mapumziko. Nikaamka, nikavitazama viatu, na ule uzito ukaja ukanikalia kifuani palepale ulipokuwa zamani, kama mpangaji aliyerudi kutoka dukani. Nililala kutwa nimekunja ngumi. Sikuwa nafikiria kazi, wala mshahara, wala maisha. Nilikuwa nalifikiria lango. Nililisubiri kama mlevi anavyosubiri kilabu kifunguliwe. Dada alipoingia kuuliza nina nini nilimjibu vibaya kwa mara ya kwanza maishani, na alitoka akiwa ameshika mdomo.

Sikurudi kumwambia muuguzi.

Halafu zikaenea habari kwamba kiwanda kinaongeza mashine na kinataka watu wa kudumu. Si vibarua wa vibati. Watu wa mkataba, wenye sare na likizo. Sijui nani alizianzisha. Asubuhi ile tulipofika, barabara ilikuwa haionekani. Kulikuwa na manyunyu, watu wamevaa makoti ya mvua, wamejifunika mifuko na magazeti, na wote wanakuja mbele kwa pamoja bila mtu kuwaambia.

Mnyapara hakutoka. Alichungulia, akarudi ndani.

Watu wakangoja. Kisha walio nyuma wakaanza kusukuma, na walio mbele hawakuwa na pa kwenda isipokuwa kwetu. Nilisikia vyuma vya lango vinalia mgongoni kwangu. Mimi ni fundi, najua sauti ya bawaba inayotaka kuachia. Mama Filimbi naye aliijua, sijui alijifunzia wapi. Akapuliza filimbi, tukaanza.

Safari hii hakuna aliyepiga miguu. Hapakuwa na nafasi ya kuiona. Tulipiga kilichokuwa mbele. Mlinzi aliyekuwa kulia kwangu alivutwa na shati akamezwa na watu, nikaona kiatu chake tu juu ya vichwa. Mwanamke mmoja alibanwa ukutani mpaka macho yakamtoka, na nilipomsukuma mtu aliyembana, nilimsukuma kwa rungu kifuani akaanguka chini, na wenzake wakamkanyaga bila kuangalia ni nini.

Nilikuwa mzima. Niwaambie vilevile nilivyokuwa. Nilikuwa nasikia kila tone la mvua.

Mwanamume mmoja alipita chini ya mkono wangu. Alikuwa na koti la mvua, kofia yake imefunika uso. Akashika vyuma vya lango kwa mikono yote miwili, anataka kupanda. Nikamwambia aachie. Hakuachia. Nikampiga vidole vya mkono wa kulia. Akaachia huo, akabaki na wa kushoto. Nikampiga na huo.

Akaanguka chali miguuni pangu, na kofia ikarudi nyuma.

Ndani ya koti la mvua kulikuwa na koti jeupe la kiwanda cha mikate.

Shemeji alinitazama, akaitazama sare, akalitazama rungu. Nami nilimtazama yeye, na mambo yakajipanga kichwani mwangu yenyewe: ile hongera aliyoitoa ameinamisha kichwa, mlango alioupigilia misumari bila neno. Mtu hatoroki kazini kuja kugombania kazi. Shemeji hakuwa na kazi. Kila asubuhi alivaa koti jeupe, akamuaga dada yangu, akaenda kusimama kwenye malango ya watu mpaka jua lizame.

"Usimwambie dada yako," alisema.

Ni hilo tu alilosema. Vidole vyake vilikuwa vimeanza kuvimba.

Mama Filimbi alikuwa amefika nyuma yangu. Aliuliza kwa nini rungu limesimama. Akauliza kama namfahamu mtu huyu.

Wasomaji wangu, nilikuwa na nafasi. Ningesema ndiyo, ni shemeji yangu, mume wa dada yangu, nakula kwake. Labda ningefukuzwa kazi. Labda wala nisingefukuzwa.

"Simfahamu," nilisema.

"Basi maliza."

Nimejaribu kulieleza hili kwa namna ambayo ningeonekana mtu, nikashindwa. Nilimpiga usoni. Nilimpiga kwa nguvu, si kwa kuigiza, na nilikuwa nimeukazia macho uso wake, najua ni wa nani. Nilikumbuka kofi lake la uani. Nilikumbuka uvivu wenye jina la hospitali. Nikampiga tena. Na safari hii hakikuja kitu. Ule uzima ulikatika kama taa. Mvua ikawa mvua tu, mkono ukawa unashuka na kupanda, na mimi niko mbali nauangalia, tena nikiwa palepale sakafuni pa chumba changu.

Watu wakamvuta kwa miguu wakampeleka nyuma. Sikuona tena.

Lango halikuvunjika. Polisi walikuja, watu wakatawanyika, mlinzi mwenzetu akaokotwa akiwa hai ila hajui jina lake. Mama Filimbi akatuambia turudi majumbani mapema, leo kazi imekwisha. Alinipiga begani kunipongeza. Mvua ilikuwa imekatika, na jua la mchana limetoka kali.

Nilitembea sijui kwa njia gani. Nilivua sare, nikaifunga kwenye mfuko. Nilipiga moyo konde: nitaingia, nitapiga magoti mbele ya dada, nitasema yote, ya kwangu na ya mumewe. Niliyapanga maneno njia nzima.

Nilipokata kona ya mtaa wetu nikasikia kelele.

Watu walikuwa wamejaa mbele ya nyumba ya dada. Wengine walitoka na vyuma, wengine na mawe. Nikamshika mkono mshona viatu wa jirani nikamuuliza kuna nini. Akaniambia, kwa furaha kabisa, kwamba shemeji yangu ameporwa na vibaka akitoka kazini, wamemvunja vidole na kumpasua uso, na bahati nzuri mmoja wao amekamatwa.

Nikapenya mpaka mbele.

Mtu mrefu mwembamba alikuwa amepiga magoti, mikono imefungwa nyuma kwa waya wa kuanikia nguo. Shati lake lilikuwa na damu kuanzia begani mpaka kiunoni. Haikuwa damu yake, au tuseme ya kwake ilikuwa inaanza tu, kwenye mdomo. Alikuwa anaeleza, na kila akieleza mtu mmoja anampiga kofi. Alikuwa anasema yeye ni fundi bomba, hana kazi, amembeba mtu huyu mgongoni kutoka kiwanda cha magodoro kwa sababu alimkuta ameanguka na hawezi kutembea. Damu ni ya kumbeba.

Nikaelewa. Dada alifungua mlango, akamkuta mumewe amelowa damu mgongoni kwa mtu asiyemjua. Akauliza nani amefanya hivi. Mumewe hakuweza kutaja lango la kiwanda bila kutaja alikuwa anafanya nini huko. Akasema vibaka. Dada akapiga yowe moja, mtaa ukatoka, na mtu wa kwanza waliyemwona na damu wakamkamata.

Dada yangu alikuwa mbele ya wote. Mkononi alikuwa na jiwe.

Yule fundi bomba aliinua uso, akaniona. Alinitambua papo hapo. Hata bila sare alinitambua.

"Muulizeni huyo," alisema. "Huyo alikuwepo."

Yale maneno yote niliyoyapanga njiani yakaniponyoka. Nikasema yaliyobaki.

"Ni mimi niliyempiga. Langoni, kwa rungu. Ndiyo kazi yangu, dada, sichomelei kitu. Huyu hana kosa."

Nikafungua mfuko, nikatoa sare, nikaionyesha. Kelele zikapungua. Dada aliniangalia kama mtu anayesikiliza lugha anayoifahamu kidogo. Kisha akamgeukia mumewe, aliyekuwa mlangoni ameketi kwenye kigoda, kitambaa cha maji usoni, vidole vimekuwa kama ndizi. Akamwambia aseme kama ni kweli.

Shemeji aliondoa kitambaa. Jicho moja lilikuwa limefumba. La pili alilitumia kunitazama mimi.

"Huyu ni mgonjwa," alisema. "Wote mnamjua. Mimi nilikuwa kazini kwangu, nimeporwa njiani."

Basi. Hapo ndipo nilipojua maana halisi ya ugonjwa wangu. Niliwaona wanavyolainika. Mshona viatu alinishika kiwiko taratibu, akaniambia twende ukapumzike, kijana. Mama mmoja akasema maskini, yale yale ya kujifungia yamerudi, sasa anajisingizia. Mwingine akasema sare hiyo labda ameiokota. Walinihurumia. Nimepigwa sana katika hadithi hii, lakini hakuna kilichoniuma kama mikono ile ya upole iliyonivuta pembeni ili wakamuue mtu.

Jiwe la kwanza lilimpata fundi bomba shingoni. Akalala ubavu.

Nilijinasua mikononi mwao, nikaenda nikamlalia. Sikuwaza. Nilijitandaza juu yake kama shuka, mikono yangu juu ya kichwa chake. Alinuka sabuni na damu ya shemeji yangu. Jiwe la pili lilinipata mimi mbavuni.

"Ondoka hapo, mdogo wangu," dada alisema.

Sauti ile ile aliyonilea nayo. Sikuondoka.

Nilimwona kutoka pale chini, anatazama juu, kwenye jua lililokuwa bado utosini, kisha anamtazama mumewe ambaye kila siku hurudi giza likianza kuingia. Alimuuliza swali dogo tu, kwa utulivu, kama wako wawili jikoni.

"Umesema ulikuwa unatoka kazini. Kazini leo mmetoka saa ngapi?"

Shemeji alikirudisha kitambaa usoni. Jiwe likamdondoka dada mkononi.

"Mwacheni," alisema.

Hakuna aliyemwacha. Alirudia kwa sauti kubwa, akasema si yeye, nimekosea, si yeye. Lakini yowe alilolipiga yeye lilikuwa limekwisha kuwa la mtaa mzima, na wale wa nyuma, waliotoka mitaa mingine, walikuwa hata hawajui dada ni nani. Chuma kikashuka mgongoni kwangu. Nikasikia kitu kinavunjika ndani, na sikujua kama ni changu au cha mtu niliyemlalia.

Kisha nikasikia uzito mwingine unashuka juu yangu. Laini, wenye joto, unanuka moshi wa jikoni. Dada yangu alikuwa amejilaza juu yetu, amekunjua khanga yake kutufunika vichwa, na alikuwa anamwita mumewe kwa jina ambalo sijawahi kumsikia akimwita mbele ya watu.

Mawe yakasimama. Juu yetu sauti moja ya mwanamume, sauti ya kawaida tu kama ya mtu anayeuliza njia, ikasema:

"Kwani hawa wawili nao ni wenzake?"

Majirani waliotujua walikuwa wamesukumwa nyuma, na kati ya hawa hakuna aliyejua. Nikawasikia wanageuza miguu, mmoja baada ya mwingine, kumwelekea shemeji pale mlangoni, wasikie atasemaje.